Ukurasa wa Saba wa Kakitabu ka Herufi

Beni, commune ya Beu, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Yaya Tamar,

Salamu nyingi, dada yangu mukubwa. Mimi niko muzima, bibi na batoto pia, ni joto tu njo inatusumbua. Nyinyi kule Butembo munavaa makoti, sisi huku tunatafuta kivuli.

Barua hii nimemupatia Zorobabel, dereva wetu, pamoja na kazi za juma hili za kuchapa ku imprimerie yako: invitation za harusi mbili na programme ya kwaya. Ningekupigia simu, mais wewe mwenyewe unasema herufi haichaguliwe mu simu, na tena ku meza yangu hapa kila mutu anasikiliza.

Yaya, kitabu chako kikubwa cha herufi kimenishinda. Kiko kizito kama jiwe la kusagia, namna za herufi makumi ine na tatu, na kila ukurasa unaonyesha A, B, C mpaka Z. Client anafungua, anaangalia, ananirudishia. Juzi mujomba wa bibi-harusi moja aliniuliza kama hiyo ni lugha gani. Nikamuambia, Papa, hiyo ni mifano tu. Akasema hakukuja kufundishwa alfabeti, alikuja juu ya harusi. Na pasta moja alichagua ile namna nene ya kuandika ku mbao za butike, kwa programme ya ubatizo, juu chini yake uliandika "Baraka". Batu ba huku banachagua neno, Yaya. Banasoma kwanza, kisha banaangalia.

Nakuomba kakitabu ka kuingia mu mufuko wa shati. Kurasa kumi na sita, hapana kuzidi. Kila ukurasa namna moja ya herufi, na chini yake maneno ya kweli: harusi, ubatizo, diplome, kufiwa. Hapo client ataweka kidole na kusema "hii". Ule muchapaji wa karibu na soko anaonyesha picha mu telefone, na ananikamatia batu kila siku. Ukichelewa, nitaanza kuuza maandazi.

Mudogo wako,
Éphraïm


Butembo, tarehe 11 mwezi wa tatu 2024

Éphraïm,

Maandazi yako nani atakula?

Miaka makumi mbili na moja napanga herufi, na leo mudogo wangu ananifundisha kazi. Sikiliza: herufi inaangaliwa, haisomwe. Mama mwenye kuchagua kikwembe hasome jina la fabrike ku pindo, anaangalia rangi. Mais nimeelewa shida yako, na ule wa soko hatanishinda mimi.

Kakitabu nitafanya. Karatasi moja kubwa tunaikunja mara tatu, tunashona na uzi, tunakata: kurasa kumi na sita, upana wa vidole bine. Ukitoa jalada, ukitoa ukurasa wa kuonyesha karatasi na ule wa kueleza namna ya kuagiza, zinabaki kumi na mbili. Donc herufi makumi tatu na moja lazima zitoke. Siku tatu nimekuwa kama mutu mwenye kufukuza batoto bake nyumbani. Nimetoa zote zenye mikia mingi. Nimebakisha moja pana kwa macho ya bazee, na moja nyembamba sana kwa diplome, juu majina yetu ni marefu na directeur wa masomo anataka yote iingie mu mustari moja. Kila ukurasa utakuwa na namba kubwa juu, kisha maneno kwa vipimo bitatu, mutu aone namna herufi inakuwa ikipunguka.

Maneno ya kweli unayotaka, sina wakati ya kuyatunga yote. Hapa niko na musaidizi mupya, mama moja wa kanisa, hasemi mingi. Alijua kupanga herufi ku ordinateur kwa miezi mbili, kupita bale benye diplome ya Serikali. Nimemupatia ukurasa wa saba, ule wa kufiwa. Nimemuambia aandike chochote, mradi ijaze mistari sita. Hakuna mwenye kusoma.

Yaya wako,
Tamar


Beni, tarehe 22 mwezi wa ine 2024

Yaya Tamar,

Nilikuwa nataka kuandika barua ya furaha tu. Kakitabu kamependwa. Ba motari ba pikipiki banakiweka mu mufuko, mwalimu moja alitaka kukinunua. Ule wa soko alituma mutu kuiba kimoja, nilimuona na nikamuachia, ajue sisi ni nani.

Mais kuna jambo, na linanitia woga.

Siku ya ine ya juma lililopita ba mama ba kanisa balikuja kuchagua herufi ya jubilé yao. Moja wao ni bibi ya Mathe, jirani yangu nyumba ya ine. Akafungua kurasa, akafika ku ya saba, akasimama. Akaisoma kwa sauti mbele ya bote: "Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha Mariette Kahongya, muzaliwa wa Kasugho, mulimaji wa kakao, mama mupenzi wa Kagunia." Mama moja alianza kulia.

Labda kule Butembo habari haikufika. Mariette Kahongya ni mutu wa kweli, Yaya. Ni bibi ya Lévi, mudogo wa Mathe. Mwezi wa sita mwaka jana bale benye silaha ba mu pori balimukamata mu shamba lake la kakao, na mpaka leo hakuna mutu alimuona, muzima ao maiti. Mama yake, Mama Orpa, njo anachunga batoto batatu aliacha. Amekataa matanga. Anasema hawezi kulilia mutu ambaye hakumuona amelala. Kwa sababu hiyo pasta naye amekataa kumubariki Lévi na mwanamuke mwingine, na huyo mwanamuke eko mu nyumba tayari.

Sasa Mathe amekuja kwangu mara mbili. Anasema mu Butembo kuna mutu mwenye kujua ukweli, aliagiza tangazo la kifo kwenu, na wewe ukalichukua kulifanya mufano. Nilimuambia hapana. Akaniuliza, kama hapana, jina lilitoka wapi? Nilijisikia mujinga mbele ya batu.

Nani alikupatia hilo jina? Nijibu upesi. Nimekupigia mara ine, hukushika.

Éphraïm


Butembo, tarehe 25 mwezi wa ine 2024

Éphraïm,

Jina limetungwa tu. Ba Kahongya ni bengi, ba Mariette ni bengi, na Kasugho ni mahali kila mutu anajua. Ni bahati mbaya, imeisha.

Kata ukurasa wa saba mu bitabu byote, unirudishie kwa Zorobabel. Uwaombe batu msamaha kwa jina langu. Hapana kupiga simu.

Tamar


Beni, tarehe 8 mwezi wa tano 2024

Yaya,

Nilikata kurasa, nimezituma. Zimepunguka tatu: mbili ziko kwa Mathe, moja iko kwa Mama Orpa, na huyo hatairudisha.

Nilienda kwake kuomba msamaha, namna ulisema. Nilimukuta anachambua maharagwe. Hajue kusoma, Shekinah, mujukuu wake mukubwa, njo alimusomea. Nilimuambia ni jina la kutunga, ni bahati mbaya. Akaniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimekwisha sikia mutu anaitwa Kagunia. Nikasema hapana.

Akaniambia hivi. Mutoto wa mwisho wa Mariette, ba Lévi balimuita Sagesse. Mais alizaliwa wakati walikuwa banakimbia kijiji, mu mvua, na mama yake alimubeba mu gunia la kakao juu hakukuwa na kitu kingine kikavu. Tangu hapo Mama Orpa na binti yake banamuita Kagunia, mu jiko, bao babili peke yao. Ba Lévi balichukia hilo jina, balilikataza, likabaki la kunong'ona. Mathe hakulijua hata kulisikia. Alipita ule mustari kama mistari mingine.

Mama Orpa akanishika mukono. Akasema, "Mwenye kuandika hii ni mwana wangu. Eko wapi?"

Yaya, nilifikiri huzuni imemuharibu akili. Nilirudi nyumbani na nikalala na barua yako, na kuisoma tena. Wewe, mwenye kunigombeza kurasa mbili juu ya koma moja, uliniandikia mistari mitano.

Sasa sikiliza. Mathe ameketisha familia. Wanasema Butembo imekwisha tangaza, hakuna tena cha kungojea. Matanga itakuwa siku ya posho, jumamosi tarehe 25. Kisha matanga, batoto batapelekwa Kasugho kwa shangazi ya Lévi, mbali, na Mama Orpa atabaki na nyumba tupu. Mathe ameagiza matangazo mia mbili, herufi namba saba, maneno ni yale yale ya kakitabu. Anataka tu tuongeze mwaka alifariki, na pahali pa "Kagunia", jina hajue, tuandike "batoto batatu". Commande iko mu bahasha hii.

Sitaki kufanya kazi hii nikiwa kipofu. Nani aliandika ukurasa wa saba?

Éphraïm


Butembo, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Éphraïm, mudogo wangu,

Nilikudanganya. Nisamehe kwanza, kisha uendelee kusoma.

Aliandika Mariette mwenyewe. Ni ule mama wa kanisa nilikuambia, musaidizi wangu. Eko muzima.

Alifika mwezi wa kumi na moja. Ba mama ba maombi balimukuta ameketi nyuma ya kanisa, viatu bya plastiki, kimoja kijani kimoja cheusi, miguu yote bidonda. Alitoroka bale batu siku balikuwa banavuka muto, akatembea siku sita. Nilimuchukua kwangu. Nilitaka kukupigia siku ile ile. Alipiga magoti, Éphraïm, mama mwenye batoto, akanishika miguu. Alikuwa amekwisha kusikia ku soko kama Lévi ameleta mwanamuke mwingine. Alisema kule kwenu mutu akitoka pori banaanza kumuuliza kama amekuja kuonyesha bale ba pori njia. Na kuna tena jambo moja, lilionekana kisha wiki chache. Alirudi na mimba. Sasa ni miezi saba. Alisema, niache nikuwe mufu, ni heshima zaidi kwa mama yangu. Nikaapa mbele ya Mungu nitanyamaza.

Kosa la ukurasa ni langu. Nilimupatia tangazo la kifo kulijaza. Yeye aliandika kifo chake, juu nilimuambia hakuna mwenye kusoma. Na mimi njo nilikuwa wa kwanza kutosoma. Niliangalia nafasi kati ya mistari, niliangalia wino, nikaona mistari sita imekaa muzuri, nikachapa nakala mia tano. Nimekuwa na haya kama sijakuwa nayo tangu nizaliwe.

Barua yako ya tarehe 8 niliiweka mezani wazi, nikaenda kuchota maji. Niliona hiyo si kuvunja kiapo, ao ni kukivunja kidogo, Mungu atachagua. Niliporudi alikuwa ameisoma. Alifunga ordinateur, akavaa kitambaa, akatoka. Hiyo ilikuwa tarehe 10. Leo ni siku ya pili na hajarudi. Nimeuliza kanisani, nimeuliza ku parking ya magari ya Beni, hakuna mwenye kumuona. Barabara unaijua. Naogopa, Éphraïm. Naogopa na mimba yake na hizo barrière zote za askari mu njia.

Akifika kwako, mufiche. Mama Orpa hapana kumuambia mpaka Mariette mwenyewe akubali. Najua ni kazi ngumu ninakupatia.

Kuhusu commande, mwambie Mathe hivi: kwa tangazo la kifo, imprimerie yetu haichape bila mama ya mufu ao mutoto wake kuweka sahihi ku épreuve, ile karatasi ya kusahihisha mbele ya kuchapa. Sheria hiyo haikuwako. Nimeitia leo.

Tamar


Beni, tarehe 17 mwezi wa tano 2024

Yaya,

Hajafika. Nimeuliza ba motari, nimeenda mpaka ku barrière ya kuingia muji nikijifanya nangojea mizigo. Askari moja aliniuliza kama nangojea mutu gani siku tatu. Nikarudi.

Mathe alikasirika juu ya sahihi, akakubali mwishoni. Anasema yule muzee mwanamuke ataweka kidole, apende asipende, familia yote itamusimamia. Tayari baliazima bâche ya kivuli na biti makumi tano bya bageni. Lévi anapita hapa na kichwa chini, ameachia mukubwa wake yote.

Kila asubui Mama Orpa anakuja ku meza yangu. Hanisumbue. Anaketi tu, anauliza kama Zorobabel amefika, anaenda. Na mimi najua kama binti yake alitoka mukononi mwa ba pori, na sijue kama eko hai leo. Jana nilishindwa kumuangalia usoni, nikajifanya natafuta bic chini ya meza. Kama hakuna habari mpaka siku ya tatu ya juma lijalo, nitamuambia, na wewe utanilaumu.

Éphraïm


Butembo, tarehe 21 mwezi wa tano 2024

Papa Éphraïm, hii umusomee mama yangu, akiwa peke yake. Asante kwa yote.

Mama,

Ni mimi Mariette. Niko Butembo, niko muzima.

Tarehe 10 nilitoka kwa Mama Tamar, nilikuwa nataka kuja kwako. Nilifika mpaka ku parking, nikakaa ndani ya gari, dereva akawasha moteur, nikashuka. Nilifanya hivyo mara mbili. Nilikuwa nalala kwa mama moja wa maombi, nikamuomba asiseme, sikutaka Mama Tamar anione nikishindwa. Kisha nikarudi kazini, juu kazi tu njo inanituliza.

Mama, nitakuambia yote, na usiniache kabla sijamaliza. Nilirudi na mimba. Sikuitafuta. Mutoto anacheza, ni muzima, na kuna siku namupenda na kuna siku sitaki kugusa tumbo yangu. Baba yake sitaki jina lake mu kinywa changu. Nilifikiri, nikirudi hivi, ba Mathe batakutemea mate, na Shekinah atachekwa ku masomo. Nikaona bora nikuwe mufu mwenye heshima. Wakati Mama Tamar alinipa ule ukurasa, niliandika jina langu ili nilione limeandikwa mahali, hata mara moja. Na nikaandika Kagunia juu nilikuwa na hamu naye sana siku ile. Sikufikiri karatasi itafika kwako.

Commande ya Mathe nimeipanga mimi mwenyewe. Épreuve iko mu bahasha. Nimeandika namna alitaka: "Mariette Kahongya, muzaliwa wa Kasugho, mulimaji wa kakao, mama ya batoto batatu, alifariki mu mwaka wa 2023." Imekaa muzuri. Sijawahi kupanga ukurasa muzuri kama huu.

Chini kuna nafasi ya sahihi. Hapa ku imprimerie hatuchape kitu mpaka mwenye kazi asome na kukubali. Mama, mwenye kazi ni wewe. Ukiona mutu mwenye kurudi namna narudi hawezi kukaa mu nyumba yako, tia kidole, sitakulaumu hata siku moja. Tutachapa mia mbili, wanilie siku ya posho, na mimi nitakaa huku na jina lingine. Usipotia, unieleze nifanye nini, juu mimi peke yangu nimeshindwa.

Mwana wako,
Mariette


Beni, tarehe 23 mwezi wa tano 2024

Mariette, mwana wangu,

Mimi nasema, Éphraïm anaandika. Nimemukataza kurekebisha maneno yangu.

Barua yako alinisomea mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikasikia, ya tatu nikakasirika. Nilikukasirikia wewe. Miezi kumi na moja nimekaa na batu bananiita kichwa kigumu, nikikatalia jina lako, na wewe unakaa na masaa tatu ya gari kati yetu ukifikiri nitachagua heshima ya Mathe. Umenijua miaka makumi tatu. Hasira hiyo nitakuonyesha usoni, si mu barua.

Mathe na bandugu balikuja jana na wino. Nikawaambia sijue kusoma, na siweke kidole ku kitu sijasomewa, warudi siku ya posho asubui. Walifurahi. Siku ya posho asubui mimi na batoto tutakuwa kwako Butembo. Tunatoka kesho mapema mu gari ya Zorobabel, Éphraïm amekwisha kufunga mizigo kwake. Biti makumi tano Mathe atajua kwa kuketisha nani.

Shekinah nimemuambia. Aliuliza kama utakuwa na nguvu ya kumusuka. Sagesse sijamuambia, atapiga kelele mu njia yote.

Sasa juu ya ile karatasi yako. Éphraïm ananieleza kama mwenye kazi anaweza kukataa, ao kukubali, ao kuonyesha makosa na kurudisha. Mimi narudisha. Amenisomea mustari kwa mustari, na makosa ni mawili. Pale umeandika "alifariki", toa. Na pale umeandika "mama ya batoto batatu", ulihesabu mubaya. Ni bane. Éphraïm amekata ile "batatu" na bic nyekundu, ameandika "bane" juu yake, kubwa, hata mimi naona kama kuna kitu kimeandikwa pale.

Mama yako,
Orpa

Kidole changu nimekiweka hapa chini ku barua, si kule.